Mzee alisema "Jenga, hapa hutolewi na mtu." Sasa wanawe wananitoa

Swali: Nina hoteli ya chakula Majengo, Mombasa. Mwaka 2015 mzee mmoja alinipangisha banda la matofali lisilo na sakafu wala maji. Hatukuandikiana. Nilipomwuliza kama naweza kujenga jiko na vyoo, alinijibu mbele ya fundi: "Jenga mwanangu, maadamu mimi na wewe tunaelewana, hapa hutolewi na mtu." Nilitumia zaidi ya shilingi milioni 1.5, nyingine mkopo wa chama. Mzee alikuwa akija kunywa chai na kuangalia kazi inavyokwenda. Mwaka jana alifariki. Mwezi uliopita mwanawe mkubwa alinitumia ujumbe wa WhatsApp nitoke kwa siku 30, kwa kuwa kuna mtu wa duka la dawa aliyeahidi kodi maradufu. Binamu yangu aliyeko London anasema nidai kitu kinachoitwa estopeli ya mali. Je, nina haki yoyote, au nianze kutafuta pengine?

Jibu: Dada yangu, usitoke. Usifunge hoteli, usikabidhi funguo, wala usitie sahihi karatasi yoyote utakayoletewa, hata wakikuambia ni ya makubaliano tu. Naanza na hili kwa sababu nimepokea wapangaji wengi wenye madai mazuri kama yako, ila walikuwa wameshahama wiki mbili tatu kabla ya kuja. Wakati huo mpangaji mpya keshaweka rafu zake, na kazi ya kumrudisha mtu ndani ni nzito mara kumi kuliko ya kumzuia asitolewe.

Binamu yako hajakosea, lakini ameruka hatua. Anaishi Uingereza na amekueleza alichokisikia huko. Hapa Kenya una ulinzi ulio karibu zaidi na wenye gharama ndogo, na ndio wa kushika kwanza. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji wa maduka, hoteli na sehemu za vyakula, Sura ya 301, inasema upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, ni upangaji unaodhibitiwa. Watu hudhani kutoandikiana kumewaacha uchi. Kwa sheria hii mambo ni kinyume: kwa kuwa hamkuandikiana, umeingia moja kwa moja chini ya ulinzi wake.

Ulinzi wenyewe ni huu. Mwenye nyumba anayetaka kukutoa lazima akupe notisi kwa fomu rasmi, ile Fomu A, ya muda usiopungua miezi 2, na aeleze sababu yake humo. Ujumbe wa WhatsApp wa siku 30 hautimizi hata kimoja kati ya hivyo. Pia sababu si yoyote ile. Kifungu cha 7 kimezitaja: mpangaji kushindwa kulipa kodi kwa miezi 2 au kuichelewesha kila mara, kuliacha jengo liharibike, mwenye nyumba kutaka kulibomoa au kulijenga upya, kutaka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1, na nyingine chache za namna hiyo. Kwamba amepatikana mtu wa duka la dawa mwenye fedha zaidi haimo. Akitaka kodi ipande, ipo notisi ya kubadilisha masharti, na hiyo nayo unaweza kuipinga.

Kuna jambo la pili ambalo barua yako imelipita bila kulitazama. Mzee ameshafariki. Je, huyo mwana mkubwa ana hati ya mahakama ya kusimamia mirathi? Mali ya marehemu haiwi ya mtoto mkubwa siku ya maziko. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuishika au kuiingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na kuvunja kifungu hicho ni kosa la jinai. Kipengele hicho kinawahusu Waislamu pia, hata kama mgawanyo wenyewe utafanywa na Kadhi. Mwombe akuonyeshe hati hiyo. Mwombe kwa adabu na kwa maandishi.

Basi estopeli ya nini, kama Sura ya 301 inakulinda? Ni kwa sababu kesho wanaweza kuja na wakili, wakapata hati ya mirathi, wakakupa Fomu A iliyojazwa sawasawa ikisema mmoja wao anataka kufungua biashara yake mwenyewe humo, au kwamba jengo linabomolewa. Hizo ni sababu halali. Hapo Sura ya 301 inaweza kukuacha na fidia pekee, na ndipo neno la mzee litakapohitajika.

Estopeli, kwa maneno ya kawaida, ni mahakama kumwambia mtu: kauli yako, au kimya chako, kilimfanya mwenzio atoe mali yake, na sasa hatukuruhusu ugeuke. Ziko aina zake. Mwenye nyumba akikuambia "mwaka huu lipa nusu kodi", kisha akarudi kudai nusu iliyobaki, unaweza kujikinga kwa ahadi yake, lakini huwezi kuitumia kudai haki mpya. Estopeli ya mali ina nguvu zaidi. Hii inaweza kukupa haki ndani ya ardhi au jengo lenyewe, hata pasipo mkataba.

Chimbuko lake linafanana mno na maisha ya Mombasa. Katika mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, ukoo wa Ramsden ulimiliki karibu ardhi yote ya mji. Watu walipewa viwanja bila mkataba wa miaka, wakalipa kodi ya ardhi, wakajenga nyumba kwa fedha zao wakiamini kwamba ukoo hautawatoa na kwamba wakiomba mkataba mrefu watapewa. Sisi huku tunaujua mtindo huo kwa jina la nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwenzio. Mpangaji mmoja, Thornton, alijenga, kisha ukoo ukakataa kumpa mkataba alioutarajia. Kesi ikafika juu kabisa, na mwaka 1866, katika Ramsden dhidi ya Dyson, mpangaji akashindwa. Majaji wengi walisema: ulijua wewe ni mpangaji wa hiari ya mwenye ardhi, ukajenga kwa kujipa moyo mwenyewe. Ni Lord Kingsdown peke yake aliyesimama upande wake. Alisema kama mwenye ardhi ndiye aliyelizua au kulilea tarajio hilo, na mpangaji akajenga mbele ya macho yake bila kuzuiwa, mahakama itamlazimisha kulitimiza. Maneno ya huyo aliyeachwa peke yake ndiyo yaliyokuja kufuatwa. Mwaka 1884 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, lilimpa haki Plimmer, mfanyabiashara wa bandari ya Wellington huko New Zealand, aliyepanua gati lake kwa maombi ya serikali, kisha baraza la mji, lililokuja kuimiliki ardhi hiyo, likataka kumhesabu kama mtu asiye na chochote.

Naitaja miaka hiyo kwa sababu Sheria ya Mahakama ya Kenya inatuingizia kanuni za haki za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya watu wa hapa. Kesi hizi mbili zimetangulia tarehe hiyo. Kwa hiyo wakili wa wale vijana akisema umemletea jaji mambo ya kigeni, jibu liko tayari. Hukumu za baadaye kutoka ng'ambo hazimfungi jaji wetu, lakini huzisoma na kuzipima.

Sasa nifungue maneno ya mzee, maana kesi yako yote imekaa humo. "Hapa hutolewi na mtu." Ni kauli ya mwenye mali, imetolewa kujibu swali la moja kwa moja kuhusu kujenga, na imesikiwa na mtu wa tatu. Hiyo ni nguvu yako. Lakini mbele yake mzee aliweka "maadamu mimi na wewe tunaelewana." Mimi ningekuwa wakili wa upande wa pili, ningeyashika maneno hayo matano na kukaa juu yake siku nzima. Ningesema mzee aliahidi kwa nafsi yake, ahadi ikafa naye. Tena ningesema hakutaja miaka: hutolewi mpaka lini?

Hatari hiyo ni ya kweli, na kwenye mambo ya biashara mahakama huwa kali kuliko kwenye mambo ya jamaa. Tazama lililowapata wenye mikahawa miwili ndani ya jengo la kasino la Crown, Melbourne, Australia. Mikataba yao ilikuwa ya miaka 5, inamalizika 2010. Walitakiwa kukarabati kwa gharama kubwa. Walipolalamika kwamba miaka 5 haitoshi kurudisha fedha hizo, wakaambiwa na watu wa mwenye jengo kwamba wakati wa kuongeza mkataba wataangaliwa vizuri. Wakakarabati. Mkataba ulipokwisha wakatakiwa kutoka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba "kuangaliwa vizuri" si ahadi ya mkataba mpya. Ni maneno ya kutia moyo, na mfanyabiashara mwenye akili timamu hakupaswa kuyajengea hoja ya miaka mingine 5. Na miaka 8 kabla, Uingereza, katika kesi ya Cobbe, mtu mzoefu wa kuendeleza majengo alikosa haki katika ardhi kwa sababu alijua tangu mwanzo kwamba mapatano yake ya mdomo hayajakamilika. Aliambulia malipo ya kazi aliyoifanya.

Wewe si kampuni yenye wanasheria, na mzee hakuwa kasino. Hapo ndipo ninapoona njia. Mwaka 2009 majaji walewale wa juu wa Uingereza waliamua kesi ya Thorner, kijana aliyefanya kazi shambani kwa binamu wa baba yake kwa takriban miaka 30 bila mshahara, kwa kuelewa kwamba shamba litakuja kuwa lake. Yule mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwahi kutamka ahadi kamili. Alipofariki bila wosia, warithi wakasema hapakuwa na ahadi. Mahakama ikasema uwazi wa kauli hupimwa kwa mazingira yake: hawa wawili, kwa jinsi walivyozoeana, walielewana nini? Shamba akapewa kijana, na kifo cha mwenye ahadi hakikuifuta. Warithi hupokea mali pamoja na mzigo uliokuwa juu yake.

Kwa hiyo swali litakuwa, kati yako na mzee, maneno yale yalimaanisha nini. Mtu hachimbi shimo la choo na kumwaga zege kwa ajili ya kukaa mwezi hadi mwezi. Mzee, mtu mzima mwenye nyumba zake, alilijua hilo, na alikuja kunywa chai akitazama shimo likichimbwa. Je, alikuonyesha mahali pa kulichimba? Alichagua aina ya mabati? Alimkemea fundi kuhusu ukuta? Alikataa mtu mwingine aliyetaka sehemu hiyo kwa sababu wewe upo? Kila tukio la namna hiyo liandike leo, kwa tarehe unayoikumbuka na majina ya waliokuwapo. Ahadi yako haitathibitika kwa sentensi moja ya 2015. Itathibitika kwa mwenendo wa mzee tangu siku ile hadi alipofariki.

Baada ya kauli, utaulizwa kama ulijenga kwa sababu ya kauli hiyo. Bournemouth, kusini mwa Uingereza, palikuwa na wapangaji wawili wa maduka yaliyopakana, mwenye nyumba mmoja. Wote waliamini kifungu fulani cha kuongeza mkataba ni halali, kumbe kilikuwa hakijasajiliwa inavyotakiwa. Mmoja, Taylors Fashions, alikuwa ameweka hata lifti. Huyo alishindwa, kwa kuwa haikuonekana kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemtia imani hiyo. Jirani yake akashinda, kwa kuwa mwenye nyumba alifanya naye shughuli akimhakikishia kwa vitendo kwamba kifungu kipo hai, naye akatumia fedha kwa msingi huo. Naikumbuka kesi hii kila mteja anaponiwekea mezani rundo la risiti akidhani kazi imekwisha. Risiti zinaonyesha umetumia. Hazionyeshi nani alikufanya utumie.

Katika hizo milioni 1.5, utenganishe. Friji, meza, sufuria na jiko la gesi unaondoka navyo, hivyo havihesabiki. Rangi ya kila mwaka ni matunzo ya kawaida. Kinachohesabika ni kile kilichoshikana na jengo na kuliongezea thamani: sakafu, mabomba, choo, jiko la kujengwa, umeme uliovutwa. Riba ya mkopo wa chama nayo iweke, kama una daftari la chama. Na ujiandae kusikia kwamba miaka hii yote umefanya biashara hapo kwa kodi nafuu na fedha zako zimeshakurudia. Jaji atalipima hilo, na ni haki yake. Ndiyo maana kiasi cha kodi uliyokuwa ukilipa, ukilinganisha na majirani wenye vyumba kama chako, ni jambo la kulitafutia ushahidi mapema.

Watakuambia pia kwamba Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya haki katika ardhi yaandikwe na kutiwa sahihi. Kweli inataka. Lakini Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2014, katika kesi ya Macharia Mwangi Maina na wenzake 87, ilikataa kumwachia mtu aliyepokea fedha za viwanja na kuwaingiza watu humo aje kujificha nyuma ya kasoro ya kisheria, na ikatumia estopeli ya mali. Hukumu nyingine ya mwaka huohuo ilielekea upande wa pili. Mwaka 2018, katika kesi ya Willy Kimutai Kitilit, mahakama hiyohiyo ikachagua njia ya ile ya kwanza, ikitaja kwamba haki na usawa ni tunu zilizo ndani ya Katiba. Hizo ni kesi za kuuziana ardhi, si za hoteli, na wenzetu walioshinda walikuwa wamelipa bei. Wakili wako atalazimika kuzisogeza hadi kwenye hali yako. Naamini zinasogezeka.

Ukishinda utapata nini? Usitarajie hati miliki. Mahakama hutafuta kinachotosha kuondoa dhuluma. Inaweza kuwa upangaji wa miaka kadhaa wenye maandishi, kwa kodi ya haki. Inaweza kuwa kwamba wakitaka utoke wakulipe kwanza thamani ya ulichojenga. Kwa hali uliyonieleza, mimi naona mojawapo kati ya hayo mawili ndiyo yenye matumaini, na ningewaelekeza vijana hao kwenye meza ya mazungumzo nikiwa nimeyashika yote mawili. Tena, hata estopeli isipokubaliwa, Sura ya 301 inaliwezesha baraza linaloamua migogoro ya kodi za majengo ya biashara kumfidia mpangaji anayetolewa kwa hasara ya jina na wateja aliowajenga, na kwa maboresho aliyoyafanya kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Ona neno ridhaa limerudi. Ushahidi uleule unafanya kazi pande zote mbili.

Kwa utaratibu: nenda kwenye baraza hilo la kodi za majengo ya biashara, linalojulikana kwa kifupi BPRT, ulalamikie ujumbe huo na uombe amri ya kuwazuia wasikusumbue. Wakikuletea notisi rasmi, wasilisha pingamizi kabla ya tarehe iliyoandikwa humo kufika. Tarehe ikipita bila wewe kufanya lolote, notisi inashika. Dai la estopeli lenyewe ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, maana baraza mamlaka yake ni finyu. Na kodi usiikatishe hata mwezi mmoja. Kama hujui umlipe nani wakati huu ambapo mirathi haijafunguliwa, waandikie warithi kwamba fedha ipo, na uliombe baraza likuamuru pa kuiweka. Mpangaji mwenye deni la miezi 2 amewapa sababu ambayo leo hawana.

Niliwahi kumtetea fundi cherehani aliyekuwa na jambo kama lako. Hakuwa na mkataba. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 48, mafuta ya cherehani yameingia pembeni, na ndani yake mwenye nyumba alikuwa akiandika kodi kwa mkono wake kila mwezi. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno haya: "Umetoa 3,000. Zingine ni za mabati uliyoweka." Mwenye nyumba alikuwa amefariki, kama mzee wako. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 33, inaruhusu maneno ya marehemu yaliyokuwa dhidi ya maslahi yake yapokewe mahakamani. Mstari ule mmoja ulifanya kazi kuliko mashahidi watatu tuliowaita. Basi pekua: daftari la kodi, ujumbe wa M-Pesa, ujumbe wa sauti wa mzee kwenye simu ya zamani, picha za ujenzi ambazo yeye anaonekana nyuma na kikombe chake.

Na yule fundi. Umesema aliyasikia maneno kwa masikio yake, na hukusema yuko wapi siku hizi. Mtafute wiki hii, kabla hujaja kwangu au kwa wakili mwingine yeyote. Usimfundishe la kusema. Mwombe aandike anachokumbuka kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na lile "maadamu" kama analikumbuka, atie sahihi na tarehe, kisha ukiweke mahali pasipofikiwa na moshi wa jiko.